Mtu wa Pili Njiani: Usalama wa Utafiti wa Uwandani katika Mwambao wa Kigoma

Hatari za utafiti wa uwandani mkoani Kigoma zinaanzia kwenye umbo la nchi. Milima ya bonde la ufa inashuka ghafla hadi kwenye Ziwa Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400 na upana wa wastani wa kilomita 50, na ng'ambo ni Kongo. Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kilomita kama 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, haifikiwi kwa gari. Mtafiti akivunjika mguu huko hubebwa hadi ufukweni, kisha husafirishwa kwa boti, na boti nayo husubiri ziwa litulie.

Historia ya Gombe inaonyesha kwamba katika mazingira haya kinga kubwa kuliko zote ni mwenyeji anayeijua nchi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika tarehe 14 Julai 1960, wakuu wa kikoloni walikuwa wamekataa mwanamke kijana akae porini peke yake, hivyo alifuatana na mama yake, Vanne. Haikupita miezi mingi wote wawili wakaangushwa na malaria. Hawakuwa na dawa, kwa sababu walikuwa wameambiwa mjini kwamba eneo hilo halina ugonjwa huo. Taarifa hiyo ya mjini ilikubaliwa bila kulinganishwa na ya wakazi wa mwambao, ambao homa hiyo hawakuhitaji kusimuliwa.

Mwaka 1969 kosa lilikuwa la namna nyingine. Mtafiti kijana kutoka Marekani, akimfuata sokwe peke yake, alianguka kwenye genge na kufa; mwili ulipatikana baada ya siku kadhaa za msako. Baada ya hapo ikawa kanuni kwamba mtafiti anayeingia msituni afuatane na msaidizi Mtanzania. Kanuni ilikusudiwa kuokoa maisha, lakini ilizaa jambo ambalo pengine hakuna aliyelipanga. Vijana wa vijiji vya mwambao, waliokwenda kama walinzi na waonyesha njia, walijifunza kuwatambua sokwe kwa majina, kupima muda na kujaza fomu.

Thamani ya jambo hilo ilionekana miaka sita baadaye. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wapatao 40 walivuka ziwa kutoka Kongo, wakati huo Zaire, wakawateka wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford na msaidizi wa utafiti raia wa Uholanzi. Walikuwa wapiganaji wa chama cha PRP cha Laurent Kabila, ambaye mwaka 1997 angekuwa rais wa Kongo. Mfanyakazi mmoja Mtanzania alipigwa kichwani kwa kukataa kuwasaidia wavamizi. Mateka waliachiliwa kwa awamu, wa mwisho mwezi Julai, baada ya mazungumzo na malipo ya fedha. Balozi wa Marekani, Beverly Carter, aliyezisaidia familia, aliingia matatani na wakubwa wake, maana sera ya nchi yake ilikataa mapatano na watekaji. Kwa hiyo swali la nani azungumze, kwa mamlaka ya nani na kwa fedha za nani, lilijibiwa wakati vijana walikuwa tayari mikononi mwa wapiganaji.

Wanafunzi wa kigeni waliondoka. Utafiti haukusimama. Wasaidizi Watanzania waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika maelezo ya kila siku kwa Kiswahili, na mfululizo wa kumbukumbu zinazoifanya Gombe isomwe duniani kote haukukatika. Kanuni ya usalama ya 1969 ndiyo iliyoiokoa sayansi ya 1975.

Hatari haimwelekei mtafiti tu. Mwaka 1966 polio iliwaua na kuwalemaza sokwe kadhaa wa Gombe wakati ugonjwa huo ulikuwepo kwa watu wa eneo hilo, na mafua ya binadamu yanaweza kuwaangamiza wanyama hao. Barakoa, umbali wa kukaa na siku za karantini kabla ya kuingia msituni ni vya lazima hata kwa mtafiti anayejiona mzima kabisa.

Kwenye nchi kavu mambo hubadilika. Kidahwe, mashariki mwa mji wa Kigoma, barabara inagawanyika: moja kuelekea Kasulu, nyingine Uvinza. Anayeshika ya Kasulu kwenda kuhoji wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu huhitaji, pamoja na kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya kuingia kambini. Hapo genge na mawimbi si hoja tena. Daftari lenye jina la mhojiwa aliyekimbia vita linaweza kumdhuru mhojiwa huyo muda mrefu baada ya mtafiti kurudi chuoni, na njia ya kulilinda ni kutenganisha majina na maelezo tangu siku ya kwanza.

Ziwani tahadhari inayofaa ni ya kawaida mno, na labda ndiyo sababu inapuuzwa. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huinua mawimbi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwa kabla ya safari, kisha huulizwa mwenye boti, na akisema leo haiendeki, ratiba ya utafiti ndiyo inayovunjwa. Bajeti huandaliwa ikiwa na siku za akiba kwa ajili hiyo; asiyekuwa nazo ndiye anayemshawishi nahodha kwa nyongeza ya nauli.

Palipo na udhaifu zaidi ni kwenye karatasi. Fomu ya hatari inayojazwa chuoni kwa kawaida humhesabu mtafiti mgeni: bima yake, chanjo zake, simu ya ndugu yake. Msaidizi wa kijijini huingia upande wa gharama, kama mafuta ya boti. Ilhali yeye hupanda mtumbwi uleule, hulala kwenye mbu walewale, na mgeni akiondoka hubaki na majirani walioulizwa maswali. Mpango uliokamilika huandika jina lake pale panapoandikwa la mtafiti, humpa jaketi okozi la kwake, hueleza nani atalipa matibabu yake katika Hospitali ya Maweni, na humpa haki ya kusema safari isimame bila kukatwa posho ya siku hiyo.