Nasaba na Mipaka ya Makazi katika Nchi ya Katavi

Nchi ya Sibwesa na jirani zake katika mkoa wa Katavi, ambayo wenyeji wake wa asili ni Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, tangu zamani imezoea kupokea wageni. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokabidhiwa boma la Wabelgiji pale Karema walikusanya humo watu waliokombolewa utumwani, nasaba zao mbalimbali. Na tabibu wao mashuhuri, Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, alioa huko huko na kuwahudumia watu mpaka alipofariki mwaka 1956, wala ugeni wake haukumzuia kuheshimiwa.

Walakin habari ya Warundi ilikuwa nyingine. Serikali ya Rais Micombero wa Burundi ilipoujibu uasi wa Wahutu wa Aprili 1972 kwa kuwaua Wahutu, khasa waliosoma, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Tanzania, na serikali yetu, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na wa Walutheri, ikawapa ardhi ya pori: kwanza Ulyankulu kule Tabora, kisha huku Katavi, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, Ulyankulu ilipokwisha kujaa. Ukarimu huo si mdogo, maana ni nchi chache duniani zilizompa mkimbizi shamba la kulima hata akajilisha mwenyewe na kuuza ziada. Lakini shamba hilo lilikuwa na mpaka, na mwenye kutaka kuuvuka alipaswa kwanza kupata kibali cha Mkuu wa Makazi.

Mtaalamu wa anthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya uchunguzi miaka ya 1985 na 1986, alikuta Mishamo watu waliojihesabu kuwa ni taifa la Wahutu lililo uhamishoni, wakisimulia dhulma zao kama taarikhi takatifu. Na hapo hapo Mishamo ndipo chama cha siasa cha Wahutu, Palipehutu, kilipoanzishwa mwaka 1980. Ilhali wenzao wa kabila lile lile, waliotoroka msiba ule ule, lakini wakajipenyeza katika mji wa Kigoma, ambako Kiha, lugha ya wenyeji Waha, na Kirundi husikilizana bila ya mkalimani, walikuwa wameoana na wenyeji, wakajiita leo Waha na kesho Waswahili, na aghalabu hawakupenda kuulizwa zaidi. Basi damu ni moja na hatima ni mbili. Kilichowatenga ni utaratibu wa makazi. Hata Msukuma aliyekuja Katavi na ng'ombe wake, japo amegombana na wenyeji kwa ajili ya malisho, hakuwekewa mpaka wa kuishi, na hivyo ugomvi wake umebaki kuwa wa malisho.

Serikali ilipokubali kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 waliouomba, ilikusudia kwanza wayahame makazi na kutawanywa mikoani. Mpango huo ukakwama, na vyeti vilipoanza kutolewa Oktoba 2014 wengi walikuwa wangali pale pale, karibu na makaburi ya wazazi wao. Kwa hiyo anayewalaumu watu wa Mishamo kwa kuishikilia mno asili yao hana budi kukumbuka kwanza ni nani aliyewakatia mpaka ule, na akawadai kibali cha kuuvuka kwa miaka zaidi ya thelathini.