Ini la Farasi: Mhakiki Mbele ya Mfalme wa Han

Confucius akitajwa katika mijadala yetu, hukumu huwa imeshatolewa: huyo ni msemaji wa tabaka tawala, aliyewafunza watu kumtii mfalme na mzazi, basi. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili iliwanyima usingizi watawala wenyewe, na shahidi wangu ni mwalimu mmoja wa ushairi, mzee Yuan Gu.

Turudi nyuma kidogo. Ukoo wa Zhou ulipoupindua ukoo wa Shang, yapata mwaka 1046 K.K., ulijitetea kwa hoja moja: Mbingu humpa mtu utawala kwa wema wake, na akiharibu humnyang'anya. Confucius (551–479 K.K.) aliwaheshimu mno Zhou hao wa mwanzo. Baadaye Mengzi akainoa hoja yao mpaka ikakata: mfalme dhalimu si mfalme tena, ni mtu baki, na anayemwua hajaua mfalme. Na hayo, jamani, aliyasema mbele ya mfalme!

Watawala wa Qin, waliounganisha Uchina mwaka 221 K.K., hawakutaka kusikia mambo kama hayo. Mwaka 213 K.K. waziri Li Si alishauri mashairi na nyaraka za kale zilizokuwa mikononi mwa raia zichomwe. Vitabu vya tiba, uaguzi na kilimo vikasamehewa. Sisi wa fasihi inafaa tutue hapo: kitabu cha dawa hakina neno, lakini cha mashairi ni hatari! Alichokiogopa Li Si ni watu kutumia ya kale kuyasuta ya sasa. Hata hivyo Qin wakaanguka mwaka 206 K.K.

Mrithi wao, Liu Bang, mwanzilishi wa ukoo wa Han, alikuwa mtu wa kawaida tu. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba wasomi wakimjia na kofia zao, alikuwa akiwavua na kukojoa humo. Lakini baraza lake likajaa walevi wanaopiga kelele na kuzikata nguzo kwa panga, ndipo msomi Shusun Tong alipomtungia taratibu za heshima. Zilipotumika mwaka 200 K.K., mfalme alifurahi kweli kweli. Alichopenda ni adabu. Ile hoja ya Mbingu ikabaki kama mwiba.

Mwiba huo ulichoma wakati wa mjukuu wake, Jing (157–141 K.K.). Mbele yake Huang Sheng alidai kwamba waanzilishi wa Shang na wa Zhou hawakupewa chochote na Mbingu, walikuwa wauaji wa mabwana zao: kofia hata ikichakaa huvaliwa kichwani, na kiatu hata kiwe kipya huvaliwa mguuni. Yuan Gu akamjibu kwamba wafalme waliopinduliwa walikwisha kuipoteza mioyo ya watu. Kisha akauliza: je, ina maana Liu Bang naye alikosea kuchukua nafasi ya Qin?

Mfalme akabanwa. Huang Sheng akishinda, babu yake ni mwasi. Yuan Gu akishinda, hata yeye anaweza kupinduliwa kwa haki. Akajitoa kwa mzaha: mla nyama asiyegusa ini la farasi (liliaminika kuwa na sumu) haambiwi kwamba hajui utamu wa nyama. Mjadala ukafungwa, na Sima Qian anasema baada ya hapo hakuna msomi aliyethubutu kuufungua.

Yuan Gu mwenyewe hakufungika. Mama yake mfalme, aliyempenda sana Laozi, alipomwuliza juu ya kitabu hicho, alijibu kwamba ni maneno ya watumishi wa nyumbani. Akatupwa zizini apigane na nguruwe! Jing akampa silaha kali, na mzee akamwangusha mnyama kwa pigo moja.

Mfalme Wu alifuata njia nyingine: kuajiri. Mwaka 136 K.K. aliweka wataalamu wa vitabu vitano vya kale, na mwaka 124 K.K. chuo cha dola kikaanza na wanafunzi 50, kwa mpango wa Gongsun Hong. Wengi huuita ushindi wa mafundisho ya Confucius. Mimi naona ni ununuzi. Yuan Gu, akiwa na zaidi ya miaka 90, alikwisha kumwonya huyo Gongsun Hong asiipinde elimu ili kuupendeza ulimwengu.

Gharama yake inaonekana katika ule mkusanyiko wa nyimbo aliokuwa akiufundisha. Wimbo wa kwanza ni wa kijana anayemtamani msichana. Wafasiri wa mkondo wa Lu waliusoma kama lawama kwa mfalme Kang wa Zhou. Wa mkondo wa Mao, kama sifa za malkia. Ufafanuzi wa mkondo wa Qi, ambao ndio wa Yuan Gu, ulipotea katika karne ya 3 B.K. Ule wa Lu nao ulipotea baadaye. Uliotufikia mzima ni wa Mao.