Mchezo Dhima wa Mezani: Istilahi na Utendaji Wake

Mchezo dhima wa mezani ni mchezo wa mazungumzo. Watu wachache huketi pamoja, na kila mmoja wao hushika mhusika mmoja wa kubuni na kumwamulia atakachofanya. Mmoja tu hashiki mhusika wa namna hiyo, naye ni mwamuzi. Mwamuzi ndiye anayeujua ulimwengu wa kubuni ulivyo: mlango upi umefungwa, nani amejificha nyuma yake, daraja lipi limeoza. Wachezaji huuliza naye hujibu. Husema wanachotaka kufanya, naye huamua matokeo, na pale ambapo matokeo hayana hakika dadu hurushwa. Ubao si lazima, zamu hazifuatani kama katika drafti, na mchezaji hamshindi mchezaji mwenzake. Kikao kikiisha leo, hadithi huendelea juma lijalo pale ilipoachwa, na mhusika aliyejeruhiwa hurudi na majeraha yake.

Jina la Kiswahili la mchezo huu halijatulia. Njia rahisi ni kuuita mchezo wa kuigiza, lakini nchini Kenya jina hilo lina mwenyewe. Mwanafunzi wa Kaunti ya Nyamira akiambiwa kuna mchezo wa kuigiza atawaza jukwaa, maleba na mashindano ya drama ya shule, au tamthilia anayoisoma kwa ajili ya mtihani. Atakwenda akitarajia kutazama. Kwa upande mwingine, vitabu vya mafunzo ya ualimu, hasa vya Tanzania, vina istilahi igizo dhima kwa ile mbinu ya kufundishia ambapo wanafunzi hushika nafasi za watu wengine, kwa mfano muuzaji na mnunuzi, ili wajifunze jambo. Sehemu ya pili ya istilahi hiyo ndiyo yenye faida hapa. Dhima ni wajibu au kazi aliyobeba mtu, na katika uhakiki wa fasihi ni kazi ya mhusika ndani ya hadithi. Mchezaji wa mchezo huu amebeba dhima ya mtu mmoja: akikosea, mtu huyo aweza kufa. Kwa hiyo mchezo dhima ni istilahi inayofaa. Ni fupi, imejengwa kwa maneno yanayofahamika, nayo haimwahidi mtu jukwaa.

Sababu ya kulikwepa neno igizo inaonekana pia katika historia ya mchezo wenyewe. Chimbuko lake ni mazoezi ya kijeshi. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa sheria za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo, dadu na mwamuzi aliyepokea amri za pande zote mbili. Mwaka 1876 Verdy du Vernois alipendekeza majedwali mengi ya sheria yaachwe, na mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake mwenyewe. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1969, David Wesely wa jimbo la Minnesota nchini Marekani aliwapa wachezaji wake nafasi za watu mmoja mmoja katika mji wa kubuni, badala ya kuwapa majeshi. Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji hao, aliipeleka mbinu hiyo chini ya ngome ya kubuni iitwayo Blackmoor mwaka 1971. Kisha yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa Dungeons & Dragons mnamo Januari 1974: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, nakala 1,000 katika chapa ya kwanza.

Jalada la vijitabu hivyo halikutaja dhima wala uigizaji. Lilitaja sheria za kampeni za vita vya kidhahania vya enzi za kati, zinazochezwa kwa karatasi, penseli na sanamu ndogo. Aliyeongoza mchezo aliitwa mwamuzi tu. Vyeo vya fahari alivyopewa baadaye, vinavyomfanya bwana wa mapango, vilikuja baada ya mchezo kuenea.

Wapenzi wa mtindo wa zamani, yaani wanaoendelea kucheza kwa sheria za miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, wanalishikilia jina hilo la mwamuzi kwa sababu za msingi. Katika mtindo huo sheria ni chache na mapengo ni mengi, nayo mapengo yameachwa ili mwamuzi aamue. Mchezaji akisema kwamba anapapasa sakafu kwa ncha ya mkuki kabla ya kukanyaga, hatafutiwi kanuni ya kupapasa wala harushi dadu kujua kama mhusika wake ana kipaji cha kupapasa. Mwamuzi huitazama ramani yake. Kama mtego upo mahali hapo na mkuki umeugusa, mtego umeonekana. Kilichomwokoa mhusika ni akili ya mchezaji. Mchezaji hahitaji kubadilisha sauti au kulia machozi ya mhusika wake, ingawa hakatazwi. Anahitaji kusikiliza, kuchora ramani ya mahali alipopita, na kuuliza maswali mazuri.

Ndiyo maana neno mwamuzi linafaa kuliko msimulizi, linaloweza kupendekezwa. Msimulizi anajua mwisho wa hadithi yake. Mwamuzi wa mchezo dhima haujui, na akiujua mchezo umekufa. Kwa msikilizaji wa Kenya, mwamuzi ni yule wa mpirani, ambaye pia huitwa refa, na ni wale Waamuzi wa Biblia walioshika hatamu kabla ya wafalme. Maana zote mbili zinasaidia: anayeamua kati ya wanaoshindana bila kushindana nao, na anayetoa hukumu pale ambapo sheria iliyoandikwa haijafika. Mchezo wa bao nao unafundisha jinsi ya kuunda istilahi za namna hii. Kunamua na kutakata ni vitenzi vinavyotaja anachofanya mchezaji kwa kete, navyo ndivyo majina ya hatua zenyewe mchezoni. Istilahi iliyotokana na tendo hukaa.

Utamaduni wa Waswahili una jambo jingine lililo karibu zaidi na mchezo dhima kuliko bao, nalo ni kitendawili. Anayeshindwa kutegua huombwa mji. Akiutoa, mtegaji huupokea, hueleza alivyofika huko na aliyoyaona, na ndipo hutoa jibu. Kwa dakika moja, watu waliokaa mahali pamoja hukubaliana kwamba mmoja wao amekwenda Mombasa au Kisumu na kurudi. Mkataba huo wa kukubali safari ambayo haikufanyika ndio unaoubeba mchezo dhima wote.

Chukua mfano wa Ikonge, soko la Kaunti ya Nyamira kwenye barabara inayounganisha Chebilat, upande wa Wakipsigis, na Chabera, upande wa Wajaluo. Mahali kama hapo istilahi za Kiswahili zina kazi ya kweli. Watu wa meza moja wanaweza kuwa wamekulia katika Ekegusii, Kikipsigis na Dholuo, na Kiswahili ndicho wanachokutania. Mwamuzi wa eneo hilo hana haja ya kuazima ngome za Ulaya. Kilima cha Manga kina shimo la Ngoro ya Mwaga, linalotajwa sana katika masimulizi ya Abagusii. Machimbo ya mawe ya Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, yana mashimo yaliyochimbwa kwa mikono ya vizazi. Hadithi za Abagusii zina amanani, mazimwi walao watu, na za pwani zina Nunda, mnyama mla watu. Neno la Kiingereza linalotaja eneo la chini ya ardhi katika mchezo huu lina maana ya gereza la ngome, lakini mchezoni halimaanishi gereza tena. Pango latosha, na handaki latosha palipochongwa na mikono ya watu.

Wachongaji wa Tabaka wamekuwa wakitengeneza seti za sataranji kwa jiwe la sabuni, lile jiwe laini ambalo hukatwa kwa panga na kusuguliwa kwa msasa. Mfalme, farasi na askari wa seti moja wanatosha kuwa sanamu za kikosi kizima cha wahusika juu ya ramani ya karatasi.

Dadu ni suala zito kidogo. Neno lenyewe ni la zamani katika Kiswahili, lakini katika masikio ya wengi linanuka kamari, na mzazi au mzee wa kanisa atauliza. Jibu ni kwamba katika mchezo huu hakuna kinachowekwa rehani na hakuna anayelipwa. Dadu huchukua tu nafasi ya yale yasiyojulikana. Vijitabu vya 1974 vilitaja maumbo matano: dadu za nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Ile ya nyuso 6 hupatikana katika kila kisanduku cha ludo. Sifa sita za mhusika, yaani nguvu, akili, hekima, wepesi, siha na mvuto, hupatikana kwa kurusha dadu tatu za nyuso 6 na kujumlisha, kwa hiyo huanzia 3 na kuishia 18. Kuna njia 216 ambazo dadu hizo tatu zinaweza kuanguka. Njia 27 kati ya hizo huleta 10, nyingine 27 huleta 11, na moja tu huleta 18. Kwa hiyo watu wa kawaida ni wengi na wa ajabu ni wachache, kama ilivyo sokoni. Dadu ya nyuso 20 haina upendeleo huo: kila namba ina nafasi moja katika ishirini, nayo hutumika panapotakiwa hatari iliyo wazi, kwa mfano kujua kama pigo limempata adui.

Anayeupenda mchezo huu Ikonge na hana dadu ya nyuso 20 hapungukiwi na kitu. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika Marekani, kampuni iliyouchapisha mchezo huu iliuza visanduku vyake vikiwa na vipande vya karatasi vyenye namba, vya kuchomolewa kikombeni. Karatasi 20, kikombe, na kukumbuka kurudisha kila karatasi kabla ya kuchomoa nyingine: hesabu ni ile ile kabisa.

Istilahi iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya mhusika anayetumia nguvu za ajabu. Kamusi humvuta mfasiri kwenye neno mchawi. Katika nchi ya Kisii na Nyamira neno hilo lisitumiwe. Mnamo Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii kwa tuhuma za uchawi, na mauaji ya aina hiyo yametokea tena baadaye. Kijana asikike akisema hadharani kwamba yeye ni mchawi wa daraja la tatu, na maneno hayo yamfikie mtu asiyejua mchezo: madhara hayawezi kuachwa yategemee bahati. Ekegusii chenyewe kinatenganisha mambo haya: omorogi ni mwenye kudhuru, omoragori ni mpiga ramli anayeulizwa chanzo cha balaa. Kiswahili nacho kina neno mjuzi, na mjuzi wa mazingaombwe linaeleweka bila kumtia mtu hatarini. Vijitabu vya 1974 vyenyewe vilichagua jina lisilo na rangi, lililomaanisha mtumiaji wa nguvu hizo, basi. Marekani nayo ilipitia hofu yake. Katika miaka ya 1980 vilitokea vikundi vya wazazi na wahubiri waliosema mchezo huu ni mlango wa shetani, na toleo la 1989 likaondoa majina ya mashetani, na baadaye majina ya kubuni yakawekwa mahali pake.

Mjuzi huyo, kwa sheria nyingi za zamani, huanza na alama za uhai zinazotokana na dadu moja ya nyuso 4, na kisu hudhuru kwa dadu hiyo hiyo. Pigo moja la kisu laweza kummaliza. Alama za uhai ni istilahi sahihi, mradi ieleweke kwamba hazipimi damu pekee bali pia bahati na ustahimilivu. Mrusho wa kunusurika ni ule unaorushwa sumu ikishanywewa au jiwe likishaporomoka, kumpa mhusika nafasi ya mwisho. Daraja linafaa kwa hatua anazopanda kadiri anavyokusanya alama za uzoefu, ambazo katika mtindo wa zamani hutokana zaidi na hazina iliyotolewa pangoni kuliko na maadui waliouawa. Ndiyo maana mchezaji hodari hukwepa vita anavyoweza kuvikwepa. Kampeni, yaani mfululizo wa vikao katika ulimwengu mmoja, imeshikwa na siasa kiasi kwamba kila baada ya miaka mitano haitasikika vingine. Msafara ni bora: una watu, mizigo, njia na hasara.

Sheria za zamani hazikufa na vijitabu vyake. Leseni huria ya mwaka 2000 ilifungua mlango, na mwaka 2006 ilitoka OSRIC, iliyoandika upya sheria za mwishoni mwa miaka ya 1970 ili yeyote azitumie, nyingine zikafuata. Mnamo Januari 2023 kampuni inayomiliki Dungeons & Dragons iliweka hati ya msingi ya sheria za toleo lake la tano chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kutafsiri na kuchapisha, hata kwa kuuza, kwa sharti la kutaja chanzo. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hazuiwi tena na haki za kampuni kuitafsiri hati hiyo. Kinachohitajika ni orodha ya istilahi ambayo meza zote zitakubaliana nayo, na hapo mchezo dhima, mwamuzi, mjuzi, pango, msafara na mrusho wa kunusurika ni sita za kuanzia.