Likasi: shule, posho na mshahara wa mwalimu

Mwaka 1966 ripoti ya James Coleman ilidai kwamba, Marekani, nyumba anayotoka mtoto huamua kufaulu kwake zaidi kuliko shule anayosoma. Mwaka 1983 Heyneman na Loxley wakajibu kuwa katika nchi maskini shule na mwalimu ndio wenye uzito zaidi. Naona historia ya Likasi, mji wa madini kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inawaunga mkono hawa wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa muda na kuwaruhusu wafanyakazi kuishi na wake zao. Kampi zikapata hospitali, posho ya chakula, na shule zilizoendeshwa na wamisionari Wakatoliki. Mtu atasema watoto wale walisoma vizuri kwa kuwa walikula wakashiba. Ni kweli walishiba. Lakini walifika wapi? Baada ya msingi, mvulana alielekezwa kwenye ufundi, msichana kwenye ushonaji na kazi za nyumbani, na Kongo ikapata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Si ukosefu wa posho uliowakwamisha. Madarasa ya juu ndiyo hayakuwapo, na hayakuwapo kwa makusudi.

Kipingamizi kizito zaidi kinatoka miaka ya 1990. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Katikati ya muongo uliofuata haikufikisha hata 50,000. Baba alikosa mshahara, mwalimu naye akakosa, na mwaka 1992 na 1993 maelfu ya Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa mjini, walimu wakiwamo. Nyumba na shule zilipoanguka pamoja, tutajuaje kipi kilimwangusha mtoto? Kuvitenganisha kabisa haiwezekani, lakini njia ambayo umaskini ulipitia inaonekana. Serikali ilipoacha kumlipa mwalimu, wazazi walibebeshwa mzigo huo, na mtoto asiye na minervali, yaani ada ya shule, alirudishwa nyumbani hata kama alikuwa wa kwanza darasani. Umaskini ulimpata kupitia mlango wa shule. Septemba 2019 elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure kote nchini, watoto wakajaa madarasani, huku walimu wengi waliokuwa kazini wakiwa bado hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali.