Maneno ya Kiingereza ya Rangi na Asili katika Siasa za Tanganyika, 1945–1964

Mtu atakaye kujua jinsi wasemaji wa Kiswahili walivyojifunza msamiati wa Kiingereza uhusuo rangi na dhuluma, hana haja ya kwenda mbali. Na aitazame Tanganyika tangu mwaka 1945, walipoteuliwa Waafrika wawili wa kwanza, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Baraza hilo lilikuwapo tangu 1926, na majadiliano yake yalikuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Mwafrika aliyetaka kulalamika mbele ya Serikali kwamba anadhulumiwa kwa ajili ya rangi yake, ilimbidi kwanza ajifunze majina ambayo dhuluma hiyo ilipewa na wenye kuitenda. Na majina hayo, aghalabu, yalikuwa mazuri.

Neno lililotangulia yote ni “native”. Sheria za Tanganyika zililifasili kuwa ni mtu yeyote wa asili ya Kiafrika, kisha zikaongeza kwamba Mswahili na Msomali wamo. Nyongeza hiyo yastahili kuangaliwa sana na sisi tushughulikao na lugha hii. Mtunga sheria hataji jina ila pale anapoona shaka. Alijua kwamba pwani kuna watu ambao nasaba zao hazikufuata mipaka aliyoichora yeye, akaona heri awafungie ndani kwa kuwataja. Ukilitafsiri neno hilo kwa Kiswahili cha kawaida utapata “mwenyeji”. Lakini mwenyeji ndiye apigiwaye hodi, ndiye amkaribishaye mgeni na kumwonyesha pa kukaa. “Native” wa sheria alikuwa kinyume cha hayo: alikuwa na kodi yake mbali, mahakama yake mbali, na watawala wake wadogo chini ya sheria ya 1926, na wageni ndio waliompangia masharti ya kukaa kwake. Tafsiri ilikuwa sahihi kwa kamusi, na uongo kwa maisha. Baada ya vita vya pili neno hilo lilianza kuepukwa maofisini, likawekwa “African” mahali pake. Mipango iliyokuwa nyuma yake haikuondoka kwa kasi ile ile.

Maneno yaliyofuata yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu yalikuwa na adabu. Mwaka 1955, chini ya Gavana Edward Twining, Baraza lilipewa viti 30 vya wajumbe wasio wa Serikali: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, na 10 vya Wazungu. Mpango huu uliitwa “parity”, na Kiswahili hakina budi kuutafsiri kwa neno “usawa”. Usawa wa nini? Waafrika walizidi milioni 8, na Wazungu walikuwa wapata 20,000. Viti vilikuwa sawa, watu hawakuwa sawa. Na neno moja la Kiswahili, ambalo msikitini na sokoni lina maana ya kutopunjana, lilitakiwa libebe upunjaji wenyewe. Siasa yote kwa jumla iliitwa “multi-racial”, na mwaka 1956 kikaundwa chama cha United Tanganyika Party kuitetea.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wanahistoria wamelisema na wanaisimu hatujalitazama vya kutosha. TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, haikujibu kwa kudai nchi ya rangi moja. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Kiingereza chake alikuwa amekinoa Makerere na Edinburgh, alishika kiambishi. Dhidi ya “multi-racial” akaweka “non-racial”: la kwanza lahesabu rangi za watu na kuzigawia mafungu, la pili lakataa kuzihesabu. Katika Kiingereza tofauti hiyo hukaa katika silabi chache, na msikilizaji mzembe huweza kudhani kwamba maneno hayo ni ndugu. Kiswahili hakina viambishi vya namna hiyo. Aliyetaka kuieleza tofauti mbele ya mkutano wa hadhara ilimlazimu aseme sentensi nzima, na sentensi nzima ni vigumu kuificha. Lakini haki itendeke: TANU yenyewe haikuwafungulia wasio Waafrika uanachama mpaka mwaka 1963, na wapinzani wake hawakukosa kulisema hilo.

Watu wa kawaida hawakungojea tafsiri. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulipowekwa kwa masharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, waliuita “kura tatu”. Hawakutaja rangi wala usawa, walitaja hesabu. Kwa maoni yangu hakuna istilahi ya Kiingereza ya wakati ule iliyoueleza mpango huo kwa usahihi kama hiyo. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua baada ya ubishi mkali kushiriki; Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wakiwamo Derek Bryceson na Sophia Mustafa.

Yafaa pia kulinganisha “colour bar” na “ubaguzi wa rangi”. La Kiingereza ni picha ya kizuizi: kimesimama, na hakuna ajuaye ni nani aliyekiweka. La Kiswahili latokana na kitenzi, kubagua, na kitenzi chataka mtendaji. Palipo na ubaguzi pana mbaguzi, na pana aliyebaguliwa. Jirani zetu wa Shirikisho la Afrika ya Kati, 1953 hata 1963, walihubiriwa “partnership”, ambalo kwetu ni “ubia”. Mfanyabiashara yeyote wa pwani angalitaka kwanza kuona daftari la faida na hasara.

Neno la mwisho lilikuwa “discrimination”, na mtihani wake ukawakuta Waafrika wenyewe. Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alipinga kwa ukali, akawafananisha na Hitler, akasema yuko tayari kujiuzulu. Neno ambalo kwa miaka mingi lilikuwa shtaka dhidi ya mtawala sasa liliwarudia waliolitumia, na yeye hakukubali lipunguzwe maana kwa sababu mkono umebadilika. Sheria ikapita bila sharti la rangi. Kuhusu kazi za Serikali jambo halikuisha siku hiyo: kuwapendelea Waafrika katika utumishi kuliendelea, kukiitwa “Africanization”, mpaka Januari 1964, Nyerere alipotoa waraka kwamba tangu hapo raia wote wahesabiwe sawa katika kuajiriwa na kupandishwa vyeo.

Neno “raia” lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya watu walio chini ya mtawala, wenye kuchungwa naye.