KUTOKA KIHENGE HADI DAFTARI LA JIKONI

Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo zimeelezwa na wenzetu kurasa zingine. Sisi tunaeleza jambo linaloonekana dogo: kujua nyumbani kuna nini, na kununua kabla hakijaisha.

Bibi zetu hapa Tabora hawakuwa na daftari, lakini hesabu walikuwa nayo. Mahindi, mtama na karanga vilikaa kwenye vihenge. Mbegu za mwaka ujao ziliwekwa darini juu ya moshi, na mtoto haruhusiwi kugusa. Mizani yao ilikuwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi moja. Mama aliyejua nyumba yake inakula vibaba vingapi kwa siku, alijua pia kama chakula kitafika mavuno mengine au la.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaingia dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na kwa Afrika alianza kuonekana mkoani kwetu. Ndani ya miezi michache mahindi yanakuwa vumbi. Mama anafungua kihenge akijua ana magunia matatu, kumbe hana hata moja. Basi tukajifunza kwamba kuhesabu peke yake hakutoshi, lazima na kukagua.

Shida ya madukani nayo ikaja. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili maduka ya ujamaa yashike nafasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, 1978 ikaja vita na Idi Amin, kisha bei ya mafuta duniani ikapanda. Nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Mwaka 1983, serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, wengi wetu tulikuwa wasichana wa shule ya msingi, na foleni tulizipanga sisi. Sukari kwa mgao, sabuni kwa mgao, jina lako liwe kwa balozi wa nyumba kumi. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Wakati huo mama hakusubiri kiishe ndo atafute. Akisikia chumvi imefika, ananunua hata kama anayo.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi mwaka 1985 maduka yakajaa. Tukafurahi. Lakini sasa bidhaa zipo, pesa ndo haipo. Tukazoea kununua kwa kupima: mafuta kidogo kwenye kichupa, sukari robo, sabuni kipande. Ukijumlisha vya mwezi mzima, umelipa zaidi ya yule aliyenunua kwa jumla. Maskini ndiye ananunua kwa bei ghali, hilo tumelishuhudia.

Mwezi mbaya kuliko yote ni Januari. Mvua inanyesha, mavuno bado, bei ya mahindi imepanda, na watoto wanataka sare na madaftari. Hapo ndipo wenzetu walipokimbilia mikopo ya kausha damu, siyo kwa biashara, bali kwa unga. Mwenzetu mmoja alichukuliwa cherehani yake kwa deni lililoanza na debe moja la mahindi. Cherehani ndiyo iliyokuwa inamlisha. Jambo hilo lilituuma sana, tukakaa kikao.

Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, kila mama awe na daftari la jikoni. Familia inayotumia unga kilo 2 kwa siku, gunia la kilo 100 ni siku 50, basi aandike tarehe aliyofungua. Pili, kila chombo kiwe na alama. Tunachora mstari kwa mkaa kwenye ndoo ya unga na dumu la mafuta, mahali panapobakiza matumizi ya siku saba. Ukifika mstari, unaanza kutafuta. Tatu, tukaanzisha mfuko wa chakula. Tunachanga kila wiki, tunanunua mahindi na maharage kwa pamoja baada ya mavuno bei ikiwa chini, tunahifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu inayomnyima dumuzi hewa, na tunagawana Januari.

Haikuwa rahisi. Wapo waliosema tunachunguliana majikoni, na wengine wakajitoa. Walikuwa na haki yao, maana siri ya nyumba ni sitara ya mama. Tukabadilisha: daftari ni la mwenyewe, kikundi kinapokea mahitaji tu. Baadhi wakarudi.

Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda bei kila mahali, na sisi tuliumia kama wengine. Lakini ndani ya mfuko huu hakuna aliyekopa kausha damu kwa ajili ya unga. Na yule mwenzetu ameshanunua cherehani nyingine kwa mkopo wa kikundi, na ameumaliza.

Wasichana wetu mnaoanza maisha, simu mnazo, andikeni humo mkipenda. Ila mstari wa mkaa msiudharau. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kina mwisho, na anayepaswa kuujua mapema ni mwenye nyumba.

Akina mama, oyee!