Mtetemo na Misuli ya Tumbo: Kutoka Mashine za Zander hadi Viunga vya Temeke na Kinondoni

Historia ya mazoezi ya mtetemo kwa kawaida huanzishwa Stockholm mwaka 1865, Gustav Zander alipofungua taasisi yake ya mashine za kunyoosha, kukanda na kutetemesha mwili. Miongoni mwake zilikuwamo za kukanda tumbo: mtu alitulia, mashine ikafanya kazi. Wazo hilo la kukaza tumbo pasipo jasho limedumu kuliko mashine zenyewe, na ndilo linalouza mikanda ya umeme ya "kupunguza tumbo" jijini Dar es Salaam, ingawa mafuta hayaondoki mahali yanapotikiswa.

Mkondo wa pili una msingi tofauti. Eklund na Hagbarth (1966) walieleza jinsi msuli unapotetemeshwa unavyojikaza wenyewe: vihisi vilivyomo ndani yake huhisi kuvutwa, hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza hurudi. Katika miaka ya 1980, Vladimir Nazarov wa Umoja wa Kisovieti aliutumia mtetemo kuwaandaa wanamichezo. Hapo mtetemo uliongezwa juu ya zoezi, haukushika nafasi yake. Hata hivyo, kwa anayesimama juu ya sahani itetemayo, sehemu kubwa ya mtetemo humezwa na vifundo, magoti na nyonga. Tumbo hupata masalio. Anayetaka uufikie msuli wa tumbo hana budi kuegemeza viwiko juu ya sahani na kujiinua kifudifudi, yaani kufanya kazi ileile aliyotaka kuikwepa.

Viunga vya Dar es Salaam vina historia nyingine ya tumbo, nayo haikuanza na mashine. Wahamiaji kutoka Lindi na Mtwara, waliofuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala na Temeke, walikuja na ngoma zao. Katika sindimba ya Wamakonde nyonga hutetemeshwa kwa kasi, na kiwiliwili hakiwezi kudhibitiwa bila misuli ya tumbo na ya kiuno. Mtetemo humtoka mchezaji mwenyewe. Mjadala wa hadharani umeiandama zaidi kwa hoja za maadili, na upande huu wa kimwili ukafunikwa.

Mkaja ni habari nyingine. Mzazi wa pwani hukandwa kwa maji ya moto, kisha hufungwa kitambaa tumboni. Neno hilohilo hutaja pia malipo anayopewa mama wa bibi harusi, kwa ajili ya tumbo lililombeba binti. Mkaja hushikilia misuli iliyolegezwa na ujauzito, lakini hauifanyishi kazi. Kwa hiyo mzazi wa Tandale au Tandika anayeuacha mkaja na kununua mkanda wa umeme hajahama mbali: tumbo lake bado linatendewa kutoka nje, safari hii kwa gharama kubwa zaidi na bila bibi au shangazi wa kumwangalia. Utafiti wa mazoezi ya wazazi katika wilaya hizi ungefaa kuipima ngoma sambamba na sahani, kwa vipimo vilevile vya nguvu ya misuli, kabla ya kumshauri mama atumie fedha zake.